Siku ya wazazi, nani alikwenda?

*Nina binti wa miaka 16, yuko Kidato cha Tatu kwenye shule ya bweni ya masista huko Geita. Ni shule ndogo, wanafunzi hawafiki mia mbili. Likizo hii amerudi anasema harudi tena shule. Analalamikia kengele ya saa kumi na moja alfajiri, misa, kufagia, kukaa bila simu, na kwamba kila jambo lako sista analijua. Upimaji wa Kidato cha Pili alifaulu vizuri. Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na ada nalipa kwa awamu. Siku za wazazi namtuma mdogo wangu, maana ana gari na anajua kuongea na wale watu. Sasa binti kaniambia mama mdogo asiende tena, ni heri asiende mtu. Siku hizi hana adabu kabisa. Nimhamishie shule ya kutwa ya serikali, au nimlazimishe arudi?*
Mama, Mwanza

Mama, barua yako nimeikata sana, maana sehemu kubwa ilihusu kengele na chakula. Kengele hiyo haikuanza kupigwa mwaka huu. Binti yako ameamka nayo tangu Kidato cha Kwanza, akaenda misa, akafagia bweni, akakaa bila simu, na bado akafaulu. Hayo yote aliyaweza.

Kinachomsumbua umekiandika mwenyewe, ila umekipita mbio. Siku za wazazi unamtuma mdogo wako. Nimetafuta kwenye barua nzima mahali unaposema umewahi kuingia kwenye geti la shule ile, sijapaona. Hukusema ulikuwa mgonjwa, hukusema ulikosa nauli. Umesema mdogo wako ana gari na anajua kuongea na "wale watu".

Watu gani, mama? Masista ambao kila awamu wanakuandikia risiti ya ada kwa jina lako? Wao wanakujua tayari. Wanajua unalipa kidogo kidogo, na wamekubali. Unayemficha ni nani, na unamficha asionwe na nani?

Fikiria shule yenyewe. Kwenye shule ya wanafunzi elfu moja mtoto anaweza kupotelea kwenye umati, asiulizwe kwao wapi wala mama yake anafanya nini. Kwenye shule ndogo kama hiyo haiwezekani. Wasichana wanalala kitanda juu ya kitanda, wanakaa benchi moja kanisani, wanakula meza moja miaka minne. Muhula wa kwanza haujaisha, kila mmoja ameshajua mama wa mwenzake ni nesi, ni mwalimu, au analima mpunga. Siku ya wazazi gari linaingia, anashuka mama mdogo na mfuko wa mikate na soda. Wenzake wanamuuliza: yule ndiye mama yako? Akisema ndiyo, amedanganya. Akisema hapana, anaulizwa mama yuko wapi. Umemwachia mtoto kazi ya kujibu swali hilo kila muhula, na hukuwahi kumwambia ajibu nini. Amechoka. Ndiyo maana anasema ni heri asiende mtu. Huo usiuite utovu wa adabu. Ni mtoto anayemtaka mama yake na hajui aseme vipi bila kukuumiza.

Shuleni kwake bila shaka kuna TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, na huko wanafunzi wanafundishwa maneno matatu: ona, amua, tenda. Njia hiyo ilitoka kwa padri Mbelgiji, Joseph Cardijn, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi mwaka 1925. Wazazi wake walikuwa watu wa kazi za jasho, wakamsomesha seminari kwa jasho hilo. Alipokuwa akirudi nyumbani likizo, aliwakuta watoto aliokua nao wameshaingia viwandani, nao wakamwona kama mtu aliyewahama. Mwaka 1903 baba yake alifariki, amechakazwa na kazi, na Cardijn akaapa kuwatumikia wafanyakazi maisha yake yote. Mama, shule nzuri ina hatari hiyo, kumtenga mtoto na watu wake. Naamini kwa moyo wote kwamba mzazi ana wajibu wa kuizuia hatari hiyo, na wewe umekuwa ukiisaidia. Kila unapobaki Mwanza siku ya wazazi, unamfundisha kwamba dagaa ni wa kumlipia ada lakini si wa kutajwa.

Na ni kazi gani unayoificha! Binti yako anakokotoa hesabu za Kidato cha Tatu, lakini je, anajua kwamba ada yake inafuata mwezi? Anajua kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawaendi ziwani, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa, na wewe unasubiri giza lirudi ndipo upate mzigo? Anajua mvua ikikukuta dagaa wakiwa wameanikwa, awamu nzima inaweza kuoza mchangani? Mwambie. Likizo hii mchukue Mwaloni alfajiri, ashike ndoo, akuone unavyobishana bei na wenye malori. Msichana anayeamka saa kumi na moja kila siku hatashindwa.

Lakini kwanza mkae wawili, mlango umefungwa, umuulize waziwazi kama kuna mtu shuleni anayemwonea au kumgusa. Ikiwa yupo, harudi mpaka jambo hilo limeshughulikiwa, na yote niliyosema yasubiri.

Kama hakuna, arudi. Shule za serikali hazina ada tangu mwaka 2016 na si aibu kusoma huko, ila kumhamisha katikati ya Kidato cha Tatu kwa sababu hii ni kuihamisha siri hiyohiyo. Kumlazimisha bila kuzungumza naye ni kumpoteza.

Siku ya wazazi ijayo nenda wewe. Usiazime nguo, usinunue zawadi usizoziweza. Vaa kitenge chako cha kanisani na umbebee dagaa wa kukaanga, ukimuuliza matroni kwanza kama wanaruhusu chakula cha nje. Mwombe sista mkuu dakika chache, mwambie unafanya biashara gani na mvua zinakukwamisha miezi gani, mpange awamu upya. Mdogo wako akitaka kuwapeleka kwa gari lake, mshukuru na mpande. Ila mkifika getini, kitabu cha wageni ukiandike wewe, na kwenye safu ya uhusiano na mwanafunzi uandike: mama.