Mguu Ukikaza, Ukiteguka: Maswali Yanayoulizwa Sana Muscat

Joto la Muscat huwafungia wengi ndani mchana kutwa. Jioni ikifika, mwili hukurupushwa ghafla: mpira mchangani Qurum, mbio kando ya bahari Mutrah, au kupanda njia ya mawe inayokatiza mlima wa Riyam. Wengine hawachezi chochote, lakini hushinda wima juu ya marumaru, jikoni au dukani. Wote huishia kuuguza miguu. La kushika tangu mwanzo ni hili: msuli au kano iliyoumia hupona kwa kurudishwa kazini taratibu, si kwa kulala kitandani wiki nzima, wala kwa kuchuliwa kwa nguvu.

Kwa nini kigimbi hunikaza usiku?

Mara nyingi msuli umechoka: umesimama sana, umetembea kuliko ulivyozoea, au umetoka jasho jingi. Ujauzito huchangia, na vilevile baadhi ya dawa za presha zinazokojoza. Ukikazwa, nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, na ushikilie hivyo mpaka msuli uachie. Kunyoosha vigimbi kabla ya kulala huwasaidia wengi.

Wanaofanya kazi juani wasisubiri kiu ndipo wanywe. Sheria ya Oman inasimamisha kazi za nje kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, mwezi wa Juni hadi Agosti. Tumia muda huo kupumzika kivulini na kunywa maji. Katika Ramadhani, gawa maji baina ya futari na daku, usiyanywe yote kwa mkupuo mmoja.

Nitajuaje kama ni uchovu tu au msuli umechanika?

Maumivu ya uchovu huanza kesho yake, huzidi siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida huwa miguu yote miwili. Hayo huisha yenyewe ndani ya wiki, na kutembea polepole huyapunguza.

Msuli uliochanika huuma papo hapo, kama uliyepigwa teke kwa nyuma, na mahali penyewe unaweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Weusi wa damu unaweza kujitokeza baada ya siku kadhaa, tena chini ya pale palipoumia. Mchaniko mdogo huchukua kama wiki 1 hadi 3, ule wa kati wiki 4 hadi 8. Ukikatika kabisa, hesabu miezi, na pengine upasuaji.

Kifundo kimeteguka. Nikandwe maji ya moto?

Siyo siku 2 au 3 za mwanzo. Joto na kuchua huongeza uvimbe wakati bado damu inavuja ndani. Funga bendeji ya kuvutika bila kukaza mno, inua mguu juu ya mto, na kama maumivu yanasumbua, weka barafu iliyofungwa taulo kwa dakika 10 hadi 15. Mwenye kisukari aliyeingiwa na ganzi miguuni asitumie barafu wala maji ya moto: anaweza kuungua asihisi.

Daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, ndiye aliyeeneza mwaka 1978 kanuni ya kupumzika, barafu, kufunga na kuinua. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba barafu nyingi na mapumziko marefu huweza kuchelewesha kupona. Kwa hiyo uvimbe ukianza kutulia, anza kukanyaga kidogo kidogo. Kukanda kwa moto kuna nafasi yake: msuli uliokaza tu, usio na uvimbe wala weusi.

Lini nipigwe picha?

Madaktari hutumia kipimo chepesi: je, unaweza kutembea hatua nne? Ukishindwa, au ukiumia pale unapobonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, nenda hospitali. Kwa mifupa na ajali, hospitali kuu ya rufaa hapa ni Khoula.

Asubuhi nikikanyaga, kisigino kinachoma. Kwa nini?

Huo kwa kawaida ni ukanda wa wayo uliochoka, na kutembea peku juu ya marumaru huuzidisha. Vaa ndara zenye soli nene hata ndani ya nyumba, nyoosha vigimbi, na viringisha wayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Uwe na subira, maana huchukua miezi.

Maumivu yakiwa nyuma, kwenye kano juu ya kisigino, kuna zoezi lililotangazwa mwaka 1998 na Håkan Alfredson wa Sweden. Simama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, shusha kisigino polepole kwa mguu unaouma, kisha panda kwa mguu mzima. Fanya mara 15, mizunguko 3 goti likiwa limenyooka, na 3 likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Maumivu ya kuvumilika yanakubalika; yakiwa makali, punguza.

Dalili zipi hazisubiri?

- Kigimbi kimoja kuvimba, kuwa na joto na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya ndege au kulazwa: huenda ni damu iliyoganda. Kifua kikibana au pumzi zikikatika, piga 9999.
- Mlio wa ghafla nyuma ya kisigino, kisha kushindwa kusimama kwa vidole.
- Wayo kuwa wa baridi, kupauka au kufa ganzi, mguu kupinda.
- Mkojo wa rangi ya kahawia baada ya mazoezi makali au kazi ya juani.

Nirudi lini uwanjani?

Usihesabu siku, pima mguu. Tembea haraka bila kuchechemea. Inuka kwa vidole vya mguu mmoja mara nyingi sawa na ule mzima. Rukaruka kwa mguu huo. Ukiyaweza yote, anza na nusu ya muda uliozoea. Kesho yake asubuhi ukiamka na maumivu yaliyozidi au uvimbe, umepita kiasi: rudi hatua moja nyuma, lakini usiache.