BIBI ASMAA BINT ABI BAKR (R.A.): MIAKA MIA, MSIMAMO MMOJA

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu wanafunzi, katika somo la tarehe tunakariri miaka mingi, tukasahau kuwa wako walioiishi yote. Mmoja wao ni Bibi Asmaa, binti wa Sayyidna Abubakar (R.A.). Wanavyuoni wanaeleza kuwa alizaliwa kiasi cha miaka 27 kabla ya Hijra, akafariki mwaka 73 Hijria (692), akikaribia miaka 100.

Alizaliwa Makka ikiwa imejaa masanamu, akasilimu Waislamu wakiwa wachache mno. Wakati wa Hijra (622) aliwatayarishia Mtume na baba yake chakula cha safari. Alipokosa cha kukifungia, aliupasua mshipi wake vipande viwili, ndipo akaitwa Dhaatun-Nitwaaqayn, mwenye mishipi miwili. Abu Jahal alimzaba kofi hata hereni ikadondoka, naye hakusema baba yake yuko wapi.

Madina alimlisha farasi wa mumewe, Zubeir, akateka maji, na akabeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mbali. Kisha dunia ikageuka. Makka ikafunguliwa mwaka 8, Mtume akafariki mwaka 11, Uislamu ukaenea Shamu, Misri na Uajemi. Dhiki ikaondoka, lakini fitna ikaingia, na Zubeir akauawa mwaka 36.

Mtihani mkubwa ulimngoja uzeeni, macho yameshapofuka. Mwaka 73 Hajjaj aliuzingira mji wa Makka, alikotawala mwanawe Abdullah. Wafuasi wake wengi walipomkimbia, Abdullah alikwenda kwa mama yake kutaka shauri. Akamwambia kuwa ikiwa anajua yuko katika haki, basi asimame juu yake kama wenzake waliokufa kwa ajili yake. Abdullah akauawa na mwili wake ukatundikwa. Hajjaj akamwita Bibi Asmaa, naye akakataa kwenda. Alipokuja mwenyewe, alimwambia usoni kuwa amemharibia Abdullah dunia yake, naye Abdullah amemharibia Akhera yake. Siku chache baadaye akafariki.

MAFUNZO
1. Tawala hubadilika, haki haibadiliki.
2. Aliyenyamaza mbele ya Abu Jahal ndiye aliyesema mbele ya Hajjaj. Ushujaa wa uzeeni hujengwa ujanani.
3. Wazazi tuwafundishe watoto msimamo kabla ya cheo.

Allah atupe umri mrefu wenye kheri na mwisho mwema. Aamin.