🌙 TAFAKURI YA LEO: Jumapili Saa Zinarudi Nyuma



Leo nawalenga zaidi mliofika Australia karibuni, ambao Ramadhani hii ndiyo ya kwanza kwenu huku. Kwetu pwani magharibi haiendi mbali, mwaka mzima ni saa kumi na mbili na kitu. Hapa Melbourne mwezi huu tumeanza kufuturu saa mbili kasorobo usiku, watoto bado wako nje na mpira. Ikifika mwisho wa Juni, jua linazama saa kumi na moja na dakika kumi hivi! Juu ya hayo, saa zenyewe husogezwa. Jumapili hii, tarehe 7 Aprili 2024, ikifika saa tisa usiku inarudishwa kuwa saa nane. Brisbane na Perth hawana mambo hayo. Sisi na wa Sydney tunayo.

Mwaka jana ilikuwa Jumapili ya 2 Aprili, tumefunga. Simu zilijibadilisha zenyewe usiku. Saa ya jiko la umeme haijibadilishi. Mama mkwe alikuwa ametoka Mombasa wiki chache tu, yuko jikoni na mbaazi zake. Nikamwambia, "Mama, magharibi leo ni saa kumi na mbili na robo hivi." Akaitazama saa ya jiko, ilipofika akatuita. Dirisha la jikoni linatazama ukuta wa jirani, na mimi nimetoka usingizini, sikufikiri. Tukala tende, tukanywa maji. Tumeshika mahamri, kijana wangu akafungua mlango kutoa taka. "Baba, mbona jua lipo?"

Mama alinyamaza, halafu akalia. Akasema, "Kwani jua la huku linafuata saa ya nani?"

Swali lake ndilo somo la leo. Suratul Baqara aya ya 187 haikutaja saa. Imetaja weupe wa alfajiri kupambanuka na weusi wa usiku, kisha kutimiza saumu mpaka usiku. Saa ya ukutani ni msaidizi tu, na huku msaidizi huyo anabadilishwa mara mbili kwa mwaka.

Na aliyekosea kama sisi? Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) amesimulia kwamba zama za Mtume (s.a.w.) walifuturu siku ya mawingu, kisha jua likatokeza. Imo katika Sahih al-Bukhari. Hisham, mmoja wa wapokezi, alipoulizwa kama waliamrishwa kulipa, jibu lake lilikuwa kwamba kulipa hakuna budi. Wapo wanavyuoni waliosema halipi, lakini wengi wamesema atalipa. Dhambi hana, maana hakukusudia. Sisi tuliacha kula pale pale, tukajizuia mpaka jua likazama kweli. Mama alilipa siku yake Shawwal, na jioni ile hakuuliza saa. Alivaa koti akaenda kusimama nje.

Kwenye daku ndiyo hatari zaidi. Jumamosi alfajiri inaingia saa kumi na mbili na dakika kumi hivi. Jumapili ni saa kumi na moja na dakika kumi. Ukifuata ratiba ya jana kwa simu ya leo, utakuwa unakula saa nzima baada ya alfajiri.

Kwa hiyo Jumamosi kabla ya kulala, rudisheni saa ya jiko, ya ukutani na ya gari. Wenye wazee nyumbani, wabadilishieni nyinyi.

Kesho in shaa Allah: zakatul fitri.