Somo kwa Makatibu: Gesi Mpya katika Gari la Zamani

Katibu anapoletewa hati ya madai yenye maneno mawili tu, "kujaza gesi", na baada ya miezi mitatu akaletewa nyingine ya namna hiyo hiyo, hana budi kusimamisha malipo na kuuliza. Fedha hizo ni za wanachama, na gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Ikipungua, imevuja.

Gari lililotengenezwa kabla ya mwaka 1992 hivi, yaelekea kiyoyozi chake kiliundwa kwa gesi iitwayo R-12. Ilipothibitika kwamba gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, linaloikinga dunia na miale mikali ya jua, mataifa yalikubaliana huko Montreal mwaka 1987 kupunguza utengenezaji wake. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993, na mwanzoni mwa mwaka 2010 nchi zinazoendelea nazo zilifikia ukomo. Chama chenye gari la namna hiyo kina njia mbili: kuhamia gesi ya R-134a, au kukiacha kiyoyozi na kufungua madirisha. Njia ya pili si ya aibu. Gari linalokwenda Mpwapwa mara mbili kwa mwezi halistahili gharama hiyo.

Kamati ikiamua kubadili, yafaa ielewe kwamba kazi kubwa si gesi bali mafuta. Kompresa hulainishwa na mafuta yanayosafiri pamoja na gesi. Mafuta ya zamani, ya asili ya petroli, huchanganyika na R-12 lakini hayachanganyiki na R-134a. Hubaki yamelala mabombani, na kompresa hukauka hadi ikakwama. Hivyo mafuta ya zamani humwagwa, na mahali pake hutiwa mafuta ya aina ya esta, ambayo huvumilia mabaki kuliko aina nyingine. Chupa ya kukaushia unyevu nayo hubadilishwa, pamoja na mipira ya kila ungio lililofunguliwa.

Kabla ya hayo, gesi iliyobaki hunyonywa kwa mashine na kuhifadhiwa. Kuiachia hewani ni kosa, na ikikutana na moto hutoa sumu.

Mfumo ukishafungwa, hewa na unyevu huvutwa kwa pampu kwa muda usiopungua nusu saa. Hapa pana jambo linalowahusu hasa watu wa uwanda wa kati. Pwani, kipimo cha pampu hukaribia inchi 30. Dodoma, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, hewa ni nyepesi, na kipimo husimama karibu na 26. Fundi asilaumiwe kwa hilo; bali yule anayedai kufikisha 29 mjini Dodoma, kipimo chake kina kasoro. Pampu ikizimwa, mshale usirudi. Ukirudi, uvujaji bado upo, na kutia gesi wakati huo ni kuitupa.

Gesi mpya hupimwa kwa mizani. Kwa kawaida hutiwa asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa ile ya zamani: palipokuwa na gramu 1,000, fundi huanza na 800. Presha ya R-134a hupanda zaidi wakati wa joto, kwa hiyo kondensa iliyojaa vumbi la barabara za Bahi au Kongwa ioshwe kwanza.

Wapo wanaotia gesi ya kupikia. Kweli hupoza, lakini hushika moto, na ikivuja huingia walipoketi abiria. Kamati ikatae, hata kama bei ni ndogo.

Hati ya madai iandikwe kila kitu kwa bei yake: aina ya mafuta na kiasi chake, chupa ya kukaushia, mipira, muda wa pampu, uzito wa gesi. Midomo ya kujazia iwe ya gesi mpya, isiyokubali mpira wa ile ya zamani, na kibandiko chenye tarehe, aina ya gesi na aina ya mafuta kibandikwe chini ya boneti. Nakala yake iwekwe katika jalada la gari, kwani fundi atakayefuata huenda asiwe yule yule.