Prizi ya watu wote na ordinatere yako

Fundi mzuri wa umeme hagusi waya kabla ya kujua unatoka wapi. Uifuate desturi hiyo pia siku unapongojea ndege ya Luano, ao unapolala hoteli Kolwezi, batri ya ordinatere imekwisha, nawe unaona prizi ukutani.

Ujue kwanza kama kuna matundu ya namna mbili. Ya kwanza ni prizi ya kawaida ya volti 220. Ukiingiza sharjeri yako mwenyewe, kile kisanduku kilichokuja pamoja na mashini, kinachopita ni umeme tu. Hakuna mtu atakayesoma barua zako kwa njia hiyo. Wengi wanaiogopa bure.

Ya pili ni tundu dogo la USB. Waya wa USB wa kawaida una nyuzi nne ndani: mbili zinaleta umeme, mbili zinapitisha habari. Mtu mbaya anaweza kuficha mashini nyuma ya tundu hilo, ao kuacha pale waya alioutengeneza, kana kwamba msafiri ameusahau. Mwaka 2011, kwenye mkutano wa mafundi huko Las Vegas, Marekani, waliweka sanduku la kuchaji simu ili kuonyesha hatari hiyo. Watu wengi waliingiza simu zao bila kuuliza, nao walikuwa mafundi! Mwaka 2014, mafundi wa Berlin walionyesha namna kifaa cha USB kinavyoweza kujifanya klaviye na kuandika amri ndani ya ordinatere ya mwingine. Na ordinatere nyingi za siku hizi zinapata umeme kwa tundu lile lile linalopitisha habari. Kwa hiyo ubebe sharjeri yako na waya wako, uingize katika prizi ya kawaida. Waya wa kuokota uuache pale ulipo.

Lakini tuseme kweli: habari za watu walioibiwa kwa waya ni chache sana. Mwivi wa mikono ndiye tunayemjua. Prizi iko mbali na kiti, wewe unaenda kununua chai, ukirudi unakuta waya peke yake. Na ndani ya mashini kulikuwa plani za mgodi, vipimo vya madini, pengine orodha ya mishahara ya wenzako. Hao hawakwenda safari, lakini wanapotea pamoja nawe. Kama unaondoka, ondoka nayo. Na unapoandika neno la siri, uangalie nani amesimama nyuma yako.

Umeme wenyewe pia una hasira. Ukikatika, toa sharjeri. Wakati wa kurudi unaweza kuja na nguvu nyingi na kuunguza mashini. Ngojea dakika chache. Prizi inayolegea, iliyo nyeusi ao yenye harufu ya kuungua, usiiguse. Ralonji yenye waya wazi, vilevile.

Kama umekwisha kutumia tundu usilolijua, na kioo kinafungua mambo peke yake, ao mashini inaomba kuingiza programu usiyoitafuta, kataa. Toa waya, zima mashini, usiiunganishe na intaneti ya kampuni. Siku ile ile uipeleke kwa mafundi wa ordinatere, hata kama inaonekana kuwa nzima, uwaambie mahali ulipoingiza waya na saa.