Kabla hujakopa mashine ya kusagia karanga

Wadogo zangu, leo nazungumza na ninyi mnaotengeneza siagi ya karanga nyumbani na mnaowaza kukopa ili mnunue mashine kubwa ya kusagia. Dada yenu nasema: msikimbilie huko. Teknolojia ya kununua mapema ni ile inayookoa bidhaa pale inapoharibikia, na karanga huharibika kabla hazijafika kwenye kisagio.

Wanaobangua kwa mikono mara nyingi hunyunyizia maganda maji ili yalainike, vidole visiumie. Unyevu huo ndio unaokaribisha kuvu, na kuvu huacha sumukuvu. Sumu hii huioni kwa macho, na kukaanga hakuimalizi. Huharibu ini, na ukiila muda mrefu yaweza kukuletea saratani ya ini. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kisagio kikubwa hakichagui: kitasaga nzima na mbovu kwa kasi ileile.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na mashine ya mkono ya kubangulia. Jiungeni hata watu watano muinunue, kisha kubalianeni na wakulima wenu: wao waanike karanga vizuri na wasizitie maji, ninyi muwapelekee mashine. Cha pili ni kipima unyevu. Karanga za kuhifadhi zisizidi asilimia 7. Cha tatu ni meza yenye mwanga wa kutosha. Kaeni mchambue zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, mzitupe. Msimpe ng'ombe, maana sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Hapo sasa tuongelee kisagio. Weka daftari: kilo ngapi zimeingia, makopo mangapi yametoka, oda ngapi umeshindwa kuzitimiza. Kama mashine uliyonayo inashinda kutwa inafanya kazi na wateja bado wanasubiri, mkopo una sababu. Pita ofisi ya SIDO ya mkoa wako. Shirika hilo limekuwepo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama chako. Ukienda kununua, beba karanga zako zisagwe mbele yako. Uliza kama inataka umeme wa njia moja au njia tatu, spea zinapatikana wapi, fundi yuko mji gani. Hakikisha sehemu zinazogusa chakula ni za chuma kisichoshika kutu. Hukohuko SIDO omba barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango, kutafuta nembo ya ubora.

Najua jirani akileta mashine mpya moyo hukudunda. Tulia. Siagi yako inapakwa kwenye mkate wa mtoto anayekwenda shule, na mama yake akikuamini atarudi kununua tena. Imani hiyo ndiyo itakayolipa mkopo wako.