Mafunzo Niliyopata Nikisaka Sinema za Zamani Ndani ya Tamthilia

Criminal Minds, tamthilia ya polisi ya Marekani, ina sehemu ya mwaka 2008 iitwayo Minimal Loss. Makachero wawili wa FBI wanaingia kwenye kambi ya dhehebu la imani kali huko Colorado, polisi wanavamia, na makachero hao wanakwama ndani pamoja na waumini. Niliitazama Newala, kusini mwa Tanzania, na wapwa zangu, korosho zikiwa zimeshauzwa na watu wakiwa na muda. Mchezo wetu ni mmoja: nani atawahi kusema, "Hii nimeiona mahali."

1. Tazama umbo la hadithi kabla ya mavazi. Wapwa walingoja majoho na mishumaa, lakini hivyo sivyo vinavyoibeba sehemu hii. Kinachoibeba ni watu wachache ndani ya jengo, wenye silaha wamelizingira, na saa zinakwenda. Hiyo ni kauboi kabisa. Ndivyo ilivyo Rio Bravo ya 1959, John Wayne na wenzake wachache wakiilinda jela, ila hapa walioko nje ndio serikali. Na kwa kuwa steringi hafi, wasiwasi wako uhamishie kwa waumini wasiotajwa majina.

2. Kibanda umiza, lile banda la video la mtaani, kilitufundisha mengi. Wa rika langu, Masasi hata Newala, wanaikumbuka sauti ya Lufufu, mtafsiri wa Dar es Salaam aliyeileta Titanic kwa Kiswahili na kuongeza maneno yake mwenyewe. Mwigizaji alisikika kwa mbali, Lufufu juu yake. Aliyezoea hivyo haoni tabu kuiona sinema moja chini ya nyingine.

3. Usidhani chanzo ni Hollywood tu. Mpwa wangu mkubwa, kila akiona kiongozi wa dini mwenye sauti ya upole, huuliza, "Mjomba, huyu atamtoa nani kafara?" Swali hilo halikutoka Marekani. Limetoka Nigeria, kwa Living in Bondage ya 1992, sinema ya Kiigbo iliyouzwa kwenye kanda za video: Andy anajiunga na kundi la siri, anamtoa kafara mkewe Merit apate utajiri, kisha mzimu wa mke unamwandama. Mwaka 2019 Ramsey Nouah aliongoza mwendelezo wake. Nyuma ya muvi nyingi za Kibongo za utajiri wa kafara, kivuli cha Andy nakiona, mwongozaji akiri asikiri.

4. Wanaotisha zaidi ni wakarimu. Katika Rosemary's Baby ya 1968 ni majirani wazee wa kundi la siri wanaoleta chakula. Katika The Wicker Man ya 1973 ni wanakijiji wanaoimba huku polisi akichomwa moto. Hili halihitaji maelezo mengi.

5. Si kila dokezo ni la sinema. Kiongozi wa Minimal Loss anawanywesha wafuasi divai, anawaambia ina sumu, kisha anasema lilikuwa jaribio tu. "Hii ya muvi gani, mjomba?" Si ya muvi. Inakumbusha Jonestown, Guyana, ambako watu zaidi ya 900 walikufa 18 Novemba 1978, wengi kwa sumu. Kuzingirwa kwa kambi nako kunakumbusha Waco, Texas, mwaka 1993: siku 51, kisha moto.

Hapo mchezo ulikoma, maana sisi wa Afrika Mashariki tuna yetu yasiyo ya runinga. Kanungu, Uganda, 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la wafuasi wa Joseph Kibwetere. Shakahola, Kilifi, Kenya, kuanzia Aprili 2023, imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie amekana mashtaka.

Kwa hukumu yangu, Minimal Loss ni kauboi nzuri na somo dhaifu kuhusu dini. Inamjua mwenye bunduki. Mama anayemnyima mwanawe chakula kwa sababu anaamini, haimjui. Mwandishi wa Kiswahili atakayemwandika huyo mama bado namsubiri.